Mwenye Fremu

Mwaka ule mama alipotolewa fremu Manzese
mwenye nyumba alikuja mwenyewe,
kandambili miguuni, kijiti mdomoni:
"Stamili, mwisho wa mwezi nipishe."
Mwezi uliofuata akafungua duka lake,
sufuria zilezile, rafu zilezile,
hata bei za mama hakuzibadili.

Mama hakushinda.
Lakini alipita kwa mjumbe, akafika baraza la kata,
akamkazia macho mbele za watu:
"Kula. Nitakutazama ukitafuna."
Akarudishiwa kodi ya miezi miwili,
na mtaa mzima ukajua.

Yangu imekuja saa nane usiku,
umeme ndio kwanza umerudi, feni inakwaruza.
Barua pepe, mistari mitatu.
Programu yako imeondolewa.
Imekiuka kifungu cha nne, kipengele cha nane.
Usijibu anwani hii.

Kikokotoo cha kikoba tu, jamani!
Hisa, mikopo, faini ya wachelewaji.
Miaka miwili ya macho mekundu hapa Kijitonyama,
na katika kila mia niliyopata
thelathini nilimwachia mwenye jukwaa
bila kununa. Pango ni pango.

Nimekisoma kifungu
kama mtu anavyosoma majibu ya maabara ya nduguye.
Kinakataza "kupotosha watumiaji."
Kapotoshwa nani? Bi Siwatu wa Tandale, mweka hazina,
aliyenipigia alfajiri:
"Mwanangu, simu mpya haiioni,
na leo ndiyo tunavunja kikoba."

Nikakata rufaa. Likajibu roboti,
likanishukuru kwa subira.
Nikauliza kosa.
Likanishukuru tena.

Wiki ya tatu wakatoa ya kwao.
Kitufe cha faini kiko chini, kushoto,
palepale nilipokihamishia
siku Bi Siwatu aliponigombeza
kwamba kidole gumba chake hakifiki juu.

Jumba ni lake, sikatai.
Ila hata yule wa Manzese
alitaja mwisho wa mwezi.

"Mwenye nyumba wako anakaa wapi?" kauliza mama.
Nikamwonyesha simu.
Akaigeuza, akatazama mgongoni mwake,
akanirudishia.
Hata apizo, mwanangu, linataka anwani.

Nimenunua kaunta buku na rula.
Tandale wanasubiri, pesa iko kwenye ndoo,
na mistari bado sijaipiga.