Kuzima Polepole

Masanduku mawili yalishuka na treni ya Alhamisi,
moja la Lumeko, moja la Hanshi.
Vijitabu vyao vimekula kiapo kimoja:
saa elfu hamsini, rangi milioni kumi na sita.
Nani hapa Isevya atakaa kuzihesabu?

Nikazitundika taa kwenye bomba moja, ubavu kwa ubavu,
kama wake wenza mbele ya mgeni.
Nikamwita Nyamizi na kitenge chake chekundu.
"Usicheke, usilie. Simama tu."

Hanshi ikawaka: nyeupe, kali, ya wodini.
Kitenge kikawa chai iliyolala,
na uso ule wa asali ya miombo
ukapauka jivu.
"Nimekufa lini?" akauliza, alipojiona kwenye simu.

Lumeko ikawaka. Akarudi.
Yakarudi mashavu, likarudi kovu dogo la tetekuwanga,
na nyekundu ikakumbuka jina lake.
Lakini feni yake! Inakoroma kama mlevi kibarazani,
na vumbi letu la Agosti bado halijaionja.
Hanshi kimya, paka juu ya mkeka.
Tena kwa bei ya Lumeko moja
unabeba Hanshi tatu na chenji ya soda.

"Tatu ni tatu," akasema Mihambo, mweka hazina,
kalamu tayari sikioni.
"Giza halijui chapa."

Nikamwambia, ngoja.
Mwisho wa mchezo mama anakata roho.
Pale sihitaji kuwasha. Nahitaji kuzima.

Nikaishusha Hanshi: kumi, tisa, nane,
ilipofika mbili ikadondoka
kama mtu aliyesukumwa kisimani.
Nikaishusha Lumeko. Ikapungua,
ikapungua,
ikabaki kaa chini ya majivu,
na hakuna kati yetu aliyeiona ikiondoka.

Nilipowasha tena, Mihambo alikuwa amekaa,
kofia magotini.
Februari alimzika mama yake kule Sikonge.
Kabla sijafungua mdomo umeme ukakatika,
taa zote mbili, bila upendeleo,
tukabaki na popo wa darini.

Ikapita dakika, labda mbili.
"Chukua hiyo moja," sauti yake ikasema.
"Na feni?"
"Iache ikorome.
Mama naye alikoroma, mwishoni."