Mita Sitini

Kwenye ramani ya ofisi mto ni uzi wa buluu,
unaanza karibu na K ya Kigoma
na kukatika penye kunjo la karatasi.
Hapo kwenye kunjo ndipo soko lilipo.

Nimepewa futi kamba, debe la rangi nyekundu,
na kijana wa kushika ncha, Bukuru,
avaaye kandambili hata kwenye matope.
Mita sitini kutoka ukingoni, kila upande.
Kilichomo ndani tukipige X.

Tulianzia juu, pasipo na mto bado:
magimbi yanayotoka jasho,
jiwe linalolia bila kufiwa.
Ukitega kikombe, hesabu hadi arobaini.
Bukuru aliruka akatua ng'ambo, akacheka,
"Nimevuka mto!"
Maji hayakumjibu, hayakuwa na sauti bado.

Sauti yalipewa chini, kwenye mawe ya kwa Mpozemenya,
anakomwagilia vitunguu kwa kopo la rangi lililotobolewa.
Alituuliza kama mita zetu zinajua njaa.
Tukaandika: vitunguu, matuta kumi na tisa.

Kisha michikichi, mihogo, michikichi.
Kisha pipa la mawese linatokota,
na ukingo umeota utando wa rangi ya chungwa.
Kisha mashimo ya watu wa matofali;
kila shimo limekunywa sehemu yake
na limebaki na anga ndani.

Reli inauvuka mto kwa hatua moja.
Mto unapita chini, kwenye kalvati,
umeinama kama mgeni kwenye mlango mfupi,
na ukitokea upande wa pili
haumo tena kwenye midomo ya watu.
Huku wanauita mtaro.
"Usitupe kwenye mtaro," wanaambizana, huku wanatupa.
Vijana wanaoshea pikipiki humo,
povu linatangulia kwenda ziwani,
jeupe, lina haraka, kama lina miadi.

Nyuma ya mashine ya kusaga
Bukuru alivuta kamba, akapita kwenye mlango wa mabati,
akasimama penye mafiga.
"Hamsini na mbili," akasema.
Kisha akaona nani aliyechutama akipuliza moto,
akaishusha ncha taratibu.

Mama hakuinuka.
"Ulipozaliwa," alisema, "mto ulikuwa kule,
nyuma ya ule mpera. Nilikuwa nakutuma maji
unarudi jua limepanda.
Mwaka ule wa mvua ukahamia huku, usiku, bila hodi.
Mimi sijasogea hata unyayo.
Mto ndio ulionifuata.
Basi kaupige X mto."

Kuku alipita juu ya futi kamba.
Mashine ya kusaga ilinyamaza, kumbe umeme umekatika,
na kwa mara ya kwanza mjini
nikayasikia yale maji ya kwenye mawe ya Mpozemenya,
sauti ileile, imechoka kidogo.

Nikaandika hamsini na mbili.
Namba ni namba.
Kwenye safu ya mwisho, ya maoni,
ambayo tangu niajiriwe sijaona mtu akiisoma,
nikaandika: mto umehama.
Nikapigia mstari.

Bukuru alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa jiko,
brashi mkononi, macho kwangu.
Rangi ilidondoka, tone, tone,
juu ya kandambili yake.