Upatanisho

Kazi yangu ni kupokea neno kwa mkono huu
na kulitoa kwa ule, bila kulionja.
Miaka kumi na mmoja katika mahakama ya Malindi
nimesema "mimi" kwa niaba ya wezi wa nazi,
"mimi" ya mjane, "mimi" ya askari,
na jioni nikarudi Maweni
nikiitafuta yangu uvunguni kama kandambili.

Jumanne hii walimu watatu wanadai fidia ya majina yao.
Mbele ameketi Bi Mwanaharusi Kombo,
Kiswahili, darasa la saba, miaka ishirini na sita,
mkoba mapajani, chaki kwenye pindo la buibui.
Mdaiwa ni Jefwa Tsofa, mkata mawe,
naye ana weupe wake, wa machimbo, kwenye nyusi.
Alisimama katika mkutano wa wazazi kule Ganda
akaisoma insha ya mwanawe
kwa kipaza sauti cha kukodi.

Kielelezo namba nne: daftari la jalada la buluu,
pembe zimekunjika kama masikio ya mbuzi.
"Shule Yangu." Ukurasa wa pili, mstari wa sita:
*Mitihani yaliuzwa na walimu wetu
shilingi mia tano kila karatasi.*

Kalamu nyekundu imepita hapo.
Imekata ya-, imeandika i- juu yake.
Pembeni: *Zingatia upatanisho wa kisarufi!*
Chini kabisa: *14/20. Umejitahidi.*

Wakili wa mdaiwa alisogea polepole
kama mtu aliyeona noti barabarani.
"Mwalimu, uliusoma mstari huu?"
"Niliusoma."
"Ukabadilisha silabi moja, ukaiacha tuhuma?"
Bi Mwanaharusi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.
"Nilikuwa na insha sitini na tatu, na stima imekatika.
Hata uongo una ngeli, bwana wakili.
Mimi nilikuwa nasahihisha ngeli."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.
Nami ikanibidi niivushe sentensi ya mtoto
hadi kwenye Kiingereza, lugha ya jalada,
na huko nikaona jambo lililonitia baridi:
kosa halivuki.
Kiingereza hakina i- wala ya-,
hakijali mitihani ni ya ngeli gani.
Ule utoto wote, kule kujikwaa
kwa mtu wa miaka kumi na mitatu,
kulibaki ng'ambo hii.
Ng'ambo ya pili ilifika tuhuma peke yake,
imechana nywele, imefunga tai.

Nimeitamka mara nne tangu Machi.
Walimu wamekuja ifutwe,
nasi kila kikao tunaipiga chapa upya.

Kweli au uongo, sijui.
Najua mwaka ule shule ilipanda nafasi thelathini.
Najua pia Bi Mwanaharusi, kila jioni,
hubishana na bodaboda kwa ajili ya shilingi kumi.

Hakimu akauliza kama wapo tayari
kwa upatanisho nje ya mahakama.
Neno lile lile. Nikalitazama likipita.
Jefwa akasema atafikiri.
Walimu wawili wakatazama sakafu.

Kisha akaitwa mtoto, Mwaro, shati la kuazima,
asome mwenyewe alichoandika.
Akashika daftari kwa mikono miwili.
Alipofika mstari wa sita akasita,
akameza mate,
akasoma: "Mitihani iliuzwa."
I-. Iliuzwa. Kama alivyofundishwa.

Na Bi Mwanaharusi, kabla hajajizuia,
akaitikia kwa kichwa.

Wakili alikuwa anapekua karatasi.
Hakimu alikuwa anaandika.
Nami hakuna aliyeniuliza
kile kichwa kimesema nini.