Gamba la Kobe

Moto ulitoka upande wa reli, saa nane mchana,
mwezi wa tisa, upepo wa Kigwe ukiwa na haraka zake.
Haukupiga hodi.
Uliruka mfereji, ukaruka ua wa minyaa,
ukala nguzo za mizabibu mojamoja
kama mtu anayekusanya madeni.
Nilikuwa na ndoo mbili na mkono mmoja wenye nguvu.
Nyumba ilibaki. Tusiseme mengi: nyumba ilibaki.

Kesho yake nilipita na ndala, zikayeyuka visigino.
Waya zilining'inia juu ya majivu
kama kamba za kuanikia nguo za watu waliohama.
Kibuyu cha nyuki wadogo,
alichokitundika marehemu Chidumizi bandani,
kilikuwa kimepasuka; nta ilitiririka ukutani ikaganda,
inanuka kanisa, inanuka sufuria iliyoungua.

Jirani akasema: Sechelela, uza huo mkwaju,
umeshakufa, wachoma mkaa watakupa elfu arobaini.
Niliutazama. Mweusi hadi vitawi vya juu.
Lakini lile tundu la katikati lipo,
na saa moja jioni bundi hutokea humo
kama mlinzi aingiaye zamu.
Nikamwambia: mpangaji hajahama.
Akaniona nimepungukiwa.

Nilianza na maji machafu.
Maji ya kunawia, maji ya sufuria ya mlenda,
maji ya kufulia... hapana, yale yana sabuni nyingi,
yale niliyamwaga njiani kutuliza vumbi.
Dumu ni mia tano kwa mkokoteni wa Lechipya,
na Lechipya hakopeshi, hata mjane, hata Jumapili.
Majivu nikayachanganya na samadi ya mbuzi,
nikakata mizabibu yote mpaka gotini.
Hapa kwetu mzabibu hukatwa ndipo uzae;
moto nao ulikata,
ila haukujua pa kuishia.

Wiki ya tatu alikuja Ndahani, mtoto wa Malogo,
miaka kumi na miwili, jembe la baba yake begani.
Alisimama penye pengo la ua.
"Mbukwenyi" yake ilitoka ndogo kama punje ya uwele.
Kigwe nzima ilijua
kina nani waliwasha nyasi za reli wakifukuza panya.
Sikumuuliza. Nilimwonyesha pa kuchimba.
Akachimba mpaka treni ya mizigo ikapita,
na kesho yake tena, na kesho yake.

Siku ya nne jembe likagonga kitu: ko.
Alikuwa kobe, yule mla maua ya maboga yangu,
miaka kumi na mmoja nikimtukana kila asubuhi.
Upande wa tumbo ulikuwa umebanduka,
ndani mchanga na siafu.
Mtoto akalia kwa sauti ya mtu mzima.
Nilitaka kumwambia, si kitu.
Ulimi ukakataa, maana ni kitu.
Nikasema: lioshe.

Alilisugua kwa mchanga, akalilaza chali
juu ya mafiga matatu chini ya mkwaju,
akamimina kopo moja la maji, bila kumwaga tone.
Wakaja nyigu kwanza, wenye ubishi.
Kisha mnana mmoja, akaoga badala ya kunywa.
Kisha tetere, wawili wawili, kama wageni wa msibani
wanaosubiri mwingine aanze kukaa.

Nyuki wadogo hawajarudi.
Nimetundika kibuyu kipya, ndani nimekipaka nta ya ukutani.
Kila asubuhi natega sikio. Kimya cha kibuyu.

Mvua ya kwanza ilinyesha Desemba, robo saa tu,
ikaondoka bila kuaga.
Lakini mlenda pori ukaota palipokuwa na majivu mazito,
na Ndahani akaniita kwenye mstari wa pili wa mizabibu:
kwenye kisiki cheusi, chipukizi,
jekundu kidogo, lenye manyoya.
"Bibi, kama sikio la panya," akasema,
kisha akajiziba mdomo.

Niliinama nikatazama. Kweli kabisa.
Nikampa kopo. Gamba lilikuwa linakauka.