Sifuri ya Alhamisi

Ofisi ya mkuu wa kitivo ilileta barua ya mistari mitatu:
kila mhadhiri anayefundisha mtandaoni
atahudhuria mafunzo, Alhamisi sita, bila udhuru.
Niliisoma nimesimama, koti bado mwilini,
nikacheka kicheko cha puani.
Miaka ishirini na saba nafundisha takwimu hapa Punta Arenas,
chaki imenila ncha za vidole,
leo nikafundwe kama mwari?

Mkufunzi wetu alikuwa Nicanor Oyarzún,
kijana wa sweta ya kijani iliyofumuka kiwiko,
aliyesema "samahani" kabla ya kila neno.
Tuliketi kumi na mmoja:
Leontina wa sheria, aliyeandika nywila yake kiganjani,
Baldomero wa uhandisi, aliyehutubia dakika kumi
huku sauti yake imezimwa,
midomo ikienda kama ya samaki kwenye tangi la kioo,
na hakuna aliyemwambia.

Alhamisi ya pili tulijifunza kutazama kamera badala ya nyuso.
"Tazameni kile kitone. Kwao, hayo ndiyo macho yenu."
Nikakitazama kitone. Kikanitazama.
Nikawawaza wanafunzi wangu thelathini na wanne,
ambao kwangu ni herufi tu ndani ya miduara ya kijivu:
R, T, M, R tena.
Muhula mzima nimeipungia mkono alfabeti.

Alhamisi ya nne akatugeuza wanafunzi.
Zoezi: kurasa mbili. Mwisho: Jumapili,
saa tano na dakika hamsini na tisa usiku.
Langu nililimaliza Jumamosi, nikaliacha liumuke.
Jumapili jioni ukaja upepo,
huu wa kwetu, ambao mjini huufungia kamba njiani
watu washike wasipeperuke,
ukang'oa bati la jirani, ukalaza nguzo ya umeme.
Saa nne, giza. Saa tano, giza.
Nikaendesha gari hadi kituo cha mafuta kule mlimani,
nikainua simu dirishani
kama mtu anayeipima hewa homa.
Kiduara kikazunguka. Kikazunguka.
Saa sita na dakika mbili ujumbe ukaingia, umenyooka, hauna jasho:
Umechelewa. Alama: 0.

Mimi niliyeichora sifuri ubaoni mara elfu,
nikaiita asili, mahali mistari miwili inapokutana,
sikuwahi kuiona kwa ndani.
Ni duara. Haina mlango.

Sikulala. Nikashusha daftari za zamani kutoka juu ya kabati,
sijui nilitafuta nini, au nilijua.
Muhula wa baridi, miaka mingi nyuma, wino wa bluu, mwandiko wangu:
Oyarzún, N. Kazi ya tatu: 0.
Na pembeni, kwa penseli,
anadai kivuko cha Porvenir hakikuvuka, upepo.

Anadai.

Alhamisi ya tano nilifika mapema.
Alikuwa peke yake, anapanga nyaya, anakula mkate wa jibini.
Maneno niliyoyapanga njiani yalinikauka.
Nikasema, "Jumapili umeme ulikatika kwetu."
"Najua, Profesa. Samahani."
Akageuza skrini, akanionyesha kisanduku kidogo
nilichokipita mara mia bila kukiona:
pokea kazi baada ya muda.
Sikumuuliza kama anakumbuka.
Alinisogezea nusu ya mkate.

Cheti kilikuja kwa barua pepe, jina langu limekosewa herufi moja.
Sijakichapisha.
Lakini usiku huu, kwa kuwa upepo umeanza tena,
nimemwandikia yule R wa pili,
Rosalba, wa shamba la kondoo ng'ambo ya mlango-bahari,
ambaye tangu Machi hajawasha kamera:
Huko kwenu umeme upo?

Dakika tisa.
Kisha nukta tatu zikaanza kuchezacheza.
Anaandika. Anafuta.
Anaandika.