Mrehani Mwisho wa Mfereji

Shamba letu liko mwisho wa mfereji, huku Fayumu.
Maji hutufikia yamechoka:
yamepita kwa kina Shahata, yamepita kwa mjane wa Zidani,
kila shamba limeyanywa na kuyatemea chumvi yake.
Ukiyaonja, ulimi unajikunja.

Mwaka juzi mirehani iliungua kingo za majani,
kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na mshumaa.
Mama akavua bangili zake mbili, akaziweka rehani kwa sonara,
tununue mbegu tena.
Rehani kwa ajili ya mrehani!
Nilicheka. Hadi leo naona aibu.

Safari hii hakuziharakisha mbegu.
Alizilowesha kwanza katika ndoo ya maji ya mtaro
yaliyochanganywa na ya kisima:
"Zionje kidogo sasa, zisije zikashtuka kesho."
Asubuhi kila mbegu ilikuwa imejivika ute,
kijivu, kama jicho la chura.

Nilianza kupanda juu ya tuta. Akanishika mkono.
"Wajiha, hapo ni pa chumvi. Chumvi hupenda kiti cha juu.
Mwachie. Wewe panda ubavuni."
Kweli, kufikia Mei vilele vya matuta vilikuwa vyeupe,
na chini yake kidogo, kijani.

Tulimwagilia usiku,
jua lisije likanywa maji likatuachia chumvi.
Samadi tulikopa. Bado tunadaiwa.

Julai, mzani wa Girgisi haukutuonea huruma:
magunia kumi na moja, pale palipozoea kutoka kumi na manane.
Kisha akasugua jani moja kiganjani,
akanusa, akanyamaza,
akanusa tena.
"Hii mmeipa nini?"

"Shida," mama akasema.
"Imekula chumvi nyingi, kama mimi."

Aliongeza bei, si sana.
Bangili moja imerudi. Ya pili bado iko kwa sonara,
ameahidi kungoja hadi Septemba.
Zamani, mama akienda gizani kufunga mfereji,
nilijua alipofika kwa mlio wa mkono wake.
Sasa bangili haina mwenzake wa kugongana naye.
Nasimama mlangoni, nasikiliza,
na kinachonifikia ni harufu tu,
pale anapopita akiigusa mirehani.