Presi ya Tani Kumi na Sita

Gerezani, saa nne asubuhi, jua limekaa juu ya mabati
kama pasi iliyosahauliwa.
Muuzaji kavaa shati jeupe; katika mtaa huu wa grisi
shati jeupe ni tangazo la biashara.
"Tani hamsini, dada," anasema, akiipiga presi kofi la mgongoni
kama mtu anayeuza ng'ombe.
"Hii inakunja reli."

Sina reli ya kukunja.
Nina vipande kumi na kimoja:
springi ya Fuso, bledi ya msumeno wa mbao,
cheusi, cha kung'aa, cheusi, vimepandana kama chapati,
vimefungwa waya, vimenyunyiziwa boraksi,
vinangoja kuambiwa kwamba ni kitu kimoja,
chuma cha Dameski, chenye maji ndani yake.

Na nina Kondo.
Miaka kumi na tisa ananipigia nyundo ya kilo tano,
bega lake la kulia sasa linalia
kabla ya nyundo kulia.
Juzi alishindwa kuinua mkono ajichane.
Hakusema. Niliona nywele, upande mmoja.

"Washa," namwambia muuzaji.
Taa za duka zinafifia, kana kwamba zimeomba radhi.
Silinda inashuka.
Nahesabu kwa sauti, bila haya: moja, mbili, tatu,
nne, tano,
sita. Imegusa.
"Nguvu, dada, haina haraka."

Haraka haraka haina baraka:
aliyesema hivyo hakuwahi kushika koleo.
Chuma kinatoka tanuruni kina rangi ya kiini cha yai;
ukivuta pumzi, ni papai;
ukigeuka kumtafuta msaidizi, ni zambarau,
na chuma cha zambarau hakiungani na mwenziwe,
kinanuniana, kinapasuka katikati,
na mkaa wa wiki nzima umeliwa bure.
Hiyo sekunde ya sita ni kaburi.

Maswali yangu niliyaandika nyuma ya risiti ya Luku.
Mota ni fezi moja au tatu? Kwetu Keko tuna moja,
na hiyo moja ina siku zake.
Mpira wa presha ukipasuka, mafuta yatarukia wapi?
Sili zake anauza nani, hapa hapa, Jumapili?
Muuzaji anaangalia simu.

Vingunguti, nyuma ya machinjio, kwa Mwinshehe.
Presi yake ina silinda ya greda la kale,
fremu ya mihimili ya ghala lililobomolewa,
rangi ya samawati, nyayo za brashi zinaonekana.
Pampu ya hatua mbili: inashuka mbio,
ikishagusa ndipo inakaza.
Mshono mmoja wa kuchomelea umepinda.
"Huo niliuchoma umeme ukikatikakatika," anasema.
"Nitaukata, niurudie."
Sikuwa nimemwuliza.
Hilo nalo nikaliandika kwenye risiti.

Natoa mfukoni bonge la udongo wa mfinyanzi,
tabaka jekundu, tabaka jeupe, limefungwa kwa nailoni.
Kondo anaomba akanyage pedeli.
Sekunde moja na nusu.
Udongo umelala. Tunaukata kwa uzi:
mistari myembamba, imelaliana, haijaachana.

Mwinshehe anataja bei. Nacheka. Anataja nyingine.
Pembeni, Kondo anautazama mguu wake ndani ya ndala
kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni.
"Kwa hiyo mimi sasa ni mguu," anasema.

Ningemwambia: presi haijui papai wala zambarau,
haijui lini chuma kimeshiba,
ni jicho lako lililokuwa likipiga miaka yote hii, si bega.
Ningemwambia.
Lakini Mwinshehe kashika mkono wangu, kasema milioni nne na nusu,
na mshono atarudia bure,
nami nimekubali mdomo ukiwa mkavu.

Tunatoka. Kondo amechukua ule udongo uliokatwa,
anaubonyeza kwa kidole gumba, akitembea,
mkono wa kushoto,
taratibu,
mpaka nyekundu na nyeupe hazijulikani.